Kituo cha malezi si cha wenye mishahara peke yao

Ukizungumzia vituo vya kulea watoto mchana hapa Mtwara mjini, jibu la haraka ni hili: hayo mambo ya watumishi, sisi tuna bibi. Si kweli, na dhana hiyo inawaumiza watoto.

Bibi yuko wapi? Mitaa ya pembezoni inajaa nyumba mpya, na wengi waliohamia wamewaacha wazazi wao Newala au Tandahimba. Jirani naye ameshatoka alfajiri. Hapo mama anayekaanga samaki hana budi kwenda na mwanawe. Nimemwona mtoto wa miaka miwili amekalishwa juu ya ndoo iliyofunikwa, hatua mbili tu kutoka kwenye karai la mafuta yanayochemka. Kila akinyanyuka, mama anaacha mteja na kumkimbilia. Huyo ndiye anayehitaji kituo kuliko mwenye mshahara, ambaye angalau anaweza kumlipa dada wa kazi.

Kituo si lazima kiwe jengo la ghorofa lenye bembea. Wazazi wa mtaa wanaweza kuanzisha cha kwao kwenye chumba salama, wakachangia unga wa uji na posho ya walezi. Ila kisajiliwe: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka hivyo, na pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Atakagua choo, maji, uzio na walezi wenyewe.