Naitro kwenye gari dogo: kilichomo chupani ni gesi ya kubeba oksijeni, si mafuta

Naitro ni jina la mtaani la oksidi ya nitrasi (N2O), gesi ileile inayotumika hospitalini kutuliza maumivu; kwenye gari la mbio huingizwa kwenye injini ili kuongeza nguvu. Isichanganywe na nitromethani, ambayo ni mafuta. Naitro haiwaki yenyewe, na asiyelishika hilo ataunguza pistoni.

Ndani ya silinda, joto likipita takriban nyuzi 300, gesi hii huvunjika na kuachia oksijeni. Kwa uzito, oksijeni ni asilimia 36 ya naitro, wakati kwenye hewa ni 23 tu. Oksijeni ikiongezeka, injini inaweza kuchoma esansi nyingi zaidi, na nguvu yote inatoka kwenye esansi hiyo. Faida ya pili ni baridi: naitro hutoka chupani ikiwa majimaji na kuchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, hivyo hupoza hewa inayoingia na kuifanya nzito.

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyotoka kiwandani na farasi 109, hapa inabaki na kama 92. Chupa haijali kimo. Jeti (kitundu kinachopima gesi inayopita) ya farasi 40 inaongeza farasi 40 Goma sawasawa na Mombasa, ila huku ni zaidi ya asilimia 40 ya nguvu iliyokuwepo. Kwa injini ambayo ndani haijaguswa, 40 inatosha, na 50 ndiyo mwisho.

Kuna mfumo mkavu, unaoingiza gesi peke yake na kuziachia injekta za gari kazi ya kuongeza esansi, na mfumo wa maji, ambao nozeli moja hunyunyiza gesi na esansi pamoja. Kwa gari la kawaida chagua wa maji. Nozeli ifungwe sentimita 8 hadi 15 kabla ya kipepeo cha hewa, kile kinachofunguka ukikanyaga pedali. Gramu 100 za naitro zinahitaji angalau gramu 10 na ushei za esansi, na mafundi huweka zaidi ya hapo ili silinda zisipate moto kupita kiasi. Kwa hiyo pima presha ya pampu ya esansi na ubadilishe filta kabla ya kununua chochote kingine. Filta iliyoziba haileti shida mjini, lakini naitro ikifunguliwa esansi hupungua, na pistoni hutoboka ndani ya sekunde chache.

Gesi hutoka kwa kasi ileile injini ikizunguka polepole au haraka. Ukiifungua kwenye mizunguko 1,500, kila silinda inajazwa kupita kiasi, mchanganyiko unatuama kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda), ukishika moto unaipasua. Swichi ya kwanza iwe ya pedali iliyokanyagwa hadi mwisho, ya pili iruhusu gesi kati ya mizunguko 3,000 na 6,000 tu. Kikomo hicho cha juu ni muhimu, kwa sababu injini ikifika mwisho wa mizunguko kompyuta hukata esansi huku naitro ikiendelea kuingia.

Jeti hupimwa kwa presha ya bar 62 hadi 65, ambayo chupa huifikia kwenye nyuzi 30 hivi. Jioni ya Goma yenye nyuzi 20 huiacha kwenye bar 50: gesi inapungua, esansi inazidi, gari linakuwa zito na kutoa moshi mweusi. Lubumbashi mwezi wa kumi shida ni kinyume. Chupa iliyoachwa kwenye buti juani ikipita nyuzi 36.4 haina tena majimaji ndani, presha inapanda kwa haraka, mchanganyiko unakauka, yaani gesi inazidi esansi. Ipashe moto kwa blanketi lake la umeme, kamwe si kwa moto wa gesi, na uangalie geji kabla ya kila mbio.

Washio (wakati wa buji kutoa cheche) ucheleweshwe digrii 2 za mzunguko wa injini, buji (wengine huziita plagi) ziwe baridi zaidi kwa daraja moja, pengo lake milimita 0.8. Esansi ya kadhafi (mchuuzi wa esansi) wa barabarani usiiweke kabisa: ikichanganywa na mafuta ya taa, oktani (uwezo wake wa kutojiwakia kabla ya wakati) inashuka na injini inagonga.

Baada ya mbio ya kwanza zima injini palepale, fungua buji, utazame kaure yake kwa kioo cha kukuza. Rangi ya kahawia hafifu ni salama. Ukiona vitone vidogo vinavyong'aa kama fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni iliyoanza kuyeyuka. Funga chupa, na usiifungue tena mpaka ujue esansi ilipungukia wapi.