Mjanja, mtundu au anajiongeza? Maneno ya mtu anayejua kujikwamua

Juzi mdogo wangu kaniletea barua ya kuomba kazi ya stoo nimsomee kabla hajaituma, nakuta kaandika "mimi ni kijana mjanja". Nikacheka kwanza. Yaani mtu wa stoo, mwenye funguo za mzigo wa watu, anajitambulisha kwa bosi kwamba yeye ni mjanja! Ila nilivyokaa kumtafutia neno la mtu ambaye ukimpa tatizo anarudi na ufumbuzi, nikaona sio rahisi kivile, maneno tunayo kibao ila kila moja lina mkia wake.

Mjanja ni sungura wa hadithi, mdogo, hana nguvu, simba na fisi anawashinda kwa akili tu na watoto wote tunamshangilia. Lakini mwisho wa hadithi mara nyingi kuna mtu kaumia, fisi ndo kabaki na kesi na sungura keshashiba. Kwa hiyo mjanja anatatua shida yake, ya kwako haimhusu. Mtu akiitwa mjanja wa mjini ni sifa kama ni rafiki yako, kama umemkopesha hela ni habari nyingine. Na ukilirudia likawa "ujanja ujanja" hapo hakuna sifa tena. Mwerevu ana heshima kidogo, anaelewa haraka na hadanganyiki, ila hata yeye wazee walimshtukia, wakasema mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani, maana yake huyo mwerevu alikuwa anaishi kwa mgongo wa mjinga.

Mi neno ninalolipenda ni mtundu. Mtoto mtundu ni yule anayechapwa kwa kufungua redio ya baba ili aone anayeongea humo ndani yuko wapi, halafu miaka kumi na tano mbele mtaa mzima unampelekea redio zao na wanamwita fundi mtundu, neno ni lile lile ila sasa hivi ni sifa. Utundu ni mikono. Bomba linavuja usiku na duka la vifaa limefungwa, mtundu anachukua ndala iliyokatika, anachonga kiduara, anakiweka ndani ya koki na maji yanakata, au anakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli anaufunga kwenye bomba kwa kuuvuta mpaka basi. Hajamuibia mtu na hajamzunguka mtu. Shida ya neno hili ni kwamba ukilisema bila fundi mbele watu wanafikiria mtoto msumbufu, na Kenya ndo usijaribu kabisa, kule mtundu ni mkorofi tu.

Halafu kuna kujiongeza, hili la Bongo (na Bongo yenyewe imetokana na ubongo, eti bila kuutumia huishi hapa). Kujiongeza ni kuweka cha kwako juu ya ulichoambiwa. Mama kakutuma mkaa dukani, umekuta umeisha, ukirudi mikono mitupu ukasema "hakuna" atakwambia ungejiongeza, maana duka la pili liko hatua ishirini tu mbele. Lina matumizi mengine pia, ya kusoma ishara, kwa mfano uko kwa watu toka saa kumi, giza limeingia, mwenyeji kaanza kufagia miguuni kwako, ndugu yangu jiongeze uende kwenu. Hajiongezi ni tusi la kistaarabu, haimaanishi mtu hana akili, anazo ila anasubiri aambiwe.

Upande wa chini kuna kubangaiza, ambako unapata riziki kwa hiki leo kile kesho bila uhakika, na fundi wa kubangaiza ni yule anayejifunzia kwenye kitu chako. Kulipua ni kumaliza kazi haraka haraka bila kujali itadumu. Na mwisho wa njia kabisa kuna kuchakachua. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, wajanja wakawa wanachanganya, magari yanakufa barabarani, mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kuuondoa huo mwanya. Neno lenyewe likahamia kila mahali, kwenye uchaguzi wa 2010 watu walikuwa wanaongelea kura kuchakachuliwa.

Kenya wenzetu wana jua kali, kwa sababu mafundi wa Gikomba na Kamukunji walikuwa wanagonga bati juani, wanatoa majiko, makarai, masanduku ya wanafunzi wa bweni, sasa hivi jina limebeba sekta nzima. Congo wao wanasema kifungu cha 15, utani unaohusishwa na jimbo la Kasai Kusini la kiongozi Albert Kalonji, lililojitenga mwaka 1960, kwamba eti katiba yao ilikuwa na kifungu cha kuwaambia wananchi kwa Kifaransa "débrouillez-vous", yaani kila mtu ajue mwenyewe atakavyojikwamua. Utani mchungu huo, maana unaonyesha watu wanakuwa watundu pale ambapo aliyetakiwa kuwasaidia hayupo.

Sasa barua. Neno la ofisini ni mbunifu, ila ukimwambia mtu mtaani wewe ni mbunifu atakuuliza unashona nguo gani. Tukaandika "mbunifu na ninayejituma", halafu nikamwambia chini yake aeleze ile siku umeme ulikatika kwenye duka la mjomba, kompyuta imezimika na wateja wamejaa, akachukua daftari la hesabu la mtoto akaandika kila mauzo kwa mkono, jioni akayaingiza yote na hesabu ikakaa sawa. Kajibu "kwani hiyo nayo ni kitu?" Mjanja nikamfutia kabisa.