Kuacha ugali peke yake si keto ya kupunguza unene

Mbeya wengi huamini keto, yaani mlo wa wanga kidogo sana unaoufanya mwili uchome mafuta, ni kuacha ugali na viazi, kisha kula nyama choma na parachichi hadi ushibe. Keto ya kalori chache sana, wanayoipanga madaktari kwa wenye unene uliokithiri, ni kitu kingine: kalori zisizozidi 800 kwa siku, wanga chini ya gramu 50, protini takriban gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito unaofaa, na mafuta gramu 15 hadi 30 tu. Parachichi la Rungwe lenye gramu 200 za kuliwa linamaliza mafuta ya siku nzima! Mafuta ya kuchomwa yanatakiwa yatoke kiunoni. Ukiyajaza sahanini, ketoni (kemikali ambazo ini hutengeneza mwili unapochoma mafuta) utazipata, lakini kitambi kinaweza kubaki.

Hatua hii huchukua wiki 8 hadi 12, kwa vitamini, chumvi na maji ya kutosha; kisha wanga hurudishwa polepole.

Anayetumia insulini, glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari) au dawa za presha asianze bila daktari kupunguza dozi, maana sukari au presha inaweza kushuka ghafla. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye kisukari aina ya 1 wasiiguse.