Faini unayolipa mahakamani haiezeki paa la mahakama

Watu wengi wanaamini ile faini au ada ya kufungulia kesi inabaki palepale mahakamani, yaani hakimu akitaka kupaka rangi jengo anachota humo. Hapana ndugu zangu. Ibara ya 135 ya Katiba yetu ya Tanzania inapeleka mapato ya serikali kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, kwahiyo faini yako inaingia huko pamoja na kodi, na mahakama inasubiri bajeti kama taasisi zingine. Na mimi naona ni sawa kabisa, maana mahakama ingekuwa inajijengea kwa faini, mshtakiwa angebaki anajiuliza kama katiwa hatiani kwa ushahidi au kwasababu bati linavuja.

Hela ya ujenzi inapitia Mfuko wa Mahakama, ulioanzishwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011, sheria hiyohiyo ndo iliyoleta Mtendaji Mkuu wa Mahakama ambaye anahangaika na fedha, majengo na watumishi ili majaji na mahakimu wabaki na kesi. Makadirio yanaenda Bungeni kupitia Waziri wa Katiba na Sheria, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, alafu Hazina inatoa kidogokidogo kadri makusanyo yanavyoruhusu, ndo maana jengo linaweza kuishia kwenye linta ukafikiri limetelekezwa.

Kuna na mkopo. 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 65 kwa ajili ya maboresho ya Mahakama ya Tanzania, na mradi huo ndo umejenga Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki kule Arusha, Dodoma, Morogoro, Mwanza, Kinondoni na Temeke (cha Temeke ni cha mirathi, ndoa na mambo ya familia). Jengo moja linabeba ngazi kadhaa za mahakama pamoja na wadau wao, mwananchi hazunguki mji mzima. Masharti ni nafuu lakini ni mkopo, tunaulipa sisi, tusiuite msaada.

Kinachoniumiza ni matengenezo. Jengo likikabidhiwa kuna kipindi cha matazamio, sehemu ya malipo ya mkandarasi inazuiliwa na kasoro za ujenzi anarekebisha kwa gharama yake. Kikiisha hicho kila kitu kinaangukia OC, matumizi mengineyo, kapu lilelile la umeme, maji, karatasi na mafuta ya gari, sasa hela ikiwa fupi paa ndo linasogezwa mbele, kwasababu umeme ukikatwa shughuli zinasimama siku hiyohiyo ila paa likivuja kesi zinaendelea tu. Gata lililoziba leo unalipa kibarua mmoja, liache masika mbili maji yanaingia masijala na faili la mirathi ya familia ya mtu linalowa. Na haya majengo mapya yana lifti, viyoyozi, jenereta, mitambo ya kusikiliza kesi kwa video, vyote vinataka mkataba wa matengenezo kila mwaka.

Kwahiyo ukiona nyufa au choo kibovu kwenye Mahakama yako ya Mwanzo, mwandikie Mtendaji wa Mahakama wa eneo lako, taja mahakama na chumba, na uandike mapema kabla Desemba haijaisha, maana makadirio yanaandaliwa miezi mingi kabla ya Julai na barua ikifika mwezi wa tano inasubiri bajeti nyingine.