James II hakuondolewa kwa sababu ya Ukatoliki tu, jamani

Mi nafundisha historia ya katiba, na jibu hili nimelichoka: eti James II wa Uingereza aliondolewa 1688 kwa sababu alikuwa Mkatoliki, basi, kesi imekwisha. Sasa 1685 anakalia kiti hawakujua? Walijua vizuri sana, tena 1679 mpaka 1681 wabunge walihangaika kumzuia asirithi wakashindwa, halafu Bunge lake la kwanza likampa mapato ya maisha yake yote. Hivi hilo ni Bunge la kumtoa mtu kweli?

Ugomvi ulianza kwenye sheria. Sheria ya 1673 ilimbana kila mwenye cheo ashiriki meza ya Bwana kwa utaratibu wa Kanisa la Uingereza, James akawapa Wakatoliki vyeo jeshini hivyo hivyo, Bunge likalalamika, Novemba 1685 akaliahirisha na halikukaa tena katika utawala wake. 1686 akaondoa baadhi ya majaji wasiokubaliana naye, waliobaki wakaamua kwamba mfalme anaweza kumwondolea mtu masharti ya sheria.

Hapa ndo watu wanapita mbio na hapa ndo naomba mtulie. Kumsamehe mtu mmoja ni kitu kimoja, kuisimamisha sheria nzima kwa nchi nzima ni kitu kingine kabisa, na Tamko lake la 1687, lililosimamisha sheria za kuwaadhibu walio nje ya Kanisa la Uingereza, lilifanya hilo la pili, bila Bunge. 1688 akalitoa tena na kuamuru lisomwe makanisani. Maaskofu saba, Sancroft, Askofu Mkuu wa Canterbury, akiwa mbele, wakamwandikia kwamba si kwamba hawawajali Waprotestanti walio nje ya kanisa lao, ila uwezo huo Bunge limeshasema mara nyingi si halali. Hoja yao ni ya sheria, isomeni! Akawashtaki kwa uchochezi, tarehe 30 Juni wakaachiwa huru.

Mengine kwa kifupi: James kazaliwa mtoto wa kiume, mrithi Mkatoliki, William wa Orange, mkwe wake Mprotestanti kutoka Uholanzi, katua na jeshi Torbay, pwani ya kusini mwa Uingereza, Novemba 5, James kakimbia na kuutupa mhuri wa taifa kwenye mto Thames.

Halafu angalieni hili: watano kati ya maaskofu wale saba walikataa kumwapia utii William, mfalme mpya, kwa kuwa walishamwapia James. Ingekuwa dini tu, si wangeshangilia? Na Muswada wa Haki wa 1689, kipengele cha kwanza kabisa kinakataza kusimamisha sheria bila Bunge. Marufuku ya mfalme Mkatoliki ipo, sibishi, na ina uzito wake, ila iko huko chini.

Kinachonisumbua mpaka leo ni kama James aliutaka kweli uhuru wa dini. William Penn, Mkweka, yaani wa dhehebu la Kiprotestanti lililokuwa nje ya Kanisa la Uingereza, alimwamini. 1689 Bunge lake la Dublin, huko Ireland ambako bado alikuwa na wafuasi, lilipitisha sheria ya uhuru wa dhamiri, na Bunge hilo hilo likapitisha orodha ya Waprotestanti zaidi ya 2,000 kuwa wahaini. Vitabu vya shule vinachagua moja na kuliacha la pili, mi yote mawili nimeshindwa kuyapatanisha.