Hakuna vita, lakini askari hapati usingizi: maswali na majibu

Hakuna risasi iliyopigwa. Askari wa mpakani anaumizwa na nini?

Kukaa roho juu. Mwili haujui kama vita vimetangazwa au la. Ukihisi hatari, humwaga homoni za adrenalini na kotisoli: moyo huenda mbio, misuli hukaza. Hatari ikipita, mtu hutulia. Sasa lindo la wakati wa mvutano lina taabu yake: hatari haiji, wala haiondoki. Leo mnaambiwa mkae tayari, kesho likizo zinafutwa, keshokutwa mnasikia ilikuwa tahadhari tu. Baada ya wiki kadhaa za hali hiyo, mtu hushtuka mlango ukibamizwa, huwa na hasira za karibu, husahau alichoagizwa punde. Zamu za usiku nazo humnyima zile saa 7 za usingizi ambazo mtu mzima anazihitaji. Na kuna jambo ambalo raia hawalifikirii: kukodoa macho usiku kucha pasipo na cha kuona kunachosha mno.

Basi huo ni ugonjwa wa kiwewe?

Mara nyingi siyo. Ugonjwa huo, ulioingizwa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, hutokana na tukio la kutisha. Hata kambini matukio hayo yapo, mathalani ajali ya mazoezini au mwenzako kujiua. Lakini wengi huwa na wasiwasi uliopitiliza au sonona, na yote hayo yana tiba, ikiwemo tiba ya mazungumzo.

Nikinywa pombe kidogo ili nilale?

Utalala haraka, kisha utazinduka usiku wa manane.

Nikienda kwa daktari wa kambi, si nitaitwa mwoga?

Huenda, na tusidanganyane, wapo wakubwa wanaodhihaki. Kanuni za usiri hutofautiana kati ya jeshi na jeshi, kwa hiyo kabla hujaeleza lolote muulize daktari: kipi kitabaki hapa, kipi kitamfikia kamanda? Ukiona bado ni vigumu, anza na kasisi, shehe au mwenzako unayemwamini. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukizidi wiki 2, usiahirishe tena.

Mwenzangu anasema afadhali afe. Nifanye nini?

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na umfikishe kwa daktari leo hii. Silaha yake irudishwe ghalani kwanza, maana kutoka wazo hadi kitendo huweza kupita dakika chache tu.