Darasa la kutembea ndani yake: Ngome ya Yesu kwa mwanafunzi aliye mbali

Simama chini ya ukuta wa Ngome ya Yesu, ujibanze kwenye kona, kisha utafute pa kujificha. Hupati. Kila unapoegemea, kuna buruji nyingine inayokuona ubavuni. Giovanni Battista Cairati aliichora hivyo makusudi, Wareno wakaijenga kati ya 1593 na 1596, na buruji zake nne, São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias, yaani minara ya pembeni inayochomoza nje ya ukuta, kila moja inamlinda mwenzake. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kwa picha kumi bado mwanafunzi aliye Voi au Lamu akatikisa kichwa tu. Akitembea mwenyewe kuzunguka ukuta, hata kama ni ukuta wa ndani ya simu, hulielewa kwa dakika tano.

Kipimo changu cha kuamua kama somo linahitaji mazingira pepe, yaani mahali pa kidijitali unapotembea ndani ya simu au kompyuta, ni hicho hicho: je, mahali penyewe panafundisha? Ngome, ghala la bandari, mpangilio wa nyumba za Mji wa Kale, njia ya maji ya mvua mtaani, hayo yanafaa. Sarufi na hesabu za riba hazifai. Huko utamchosha mtu bure kwa kumtembeza kwenye vyumba kutafuta karatasi ambayo ungemtumia kwa WhatsApp. Kwa saketi za umeme au muundo wa atomu usijenge chochote: chukua maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambayo ni bure, baadhi yamekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili, na yanaweza kupakuliwa yakafanya kazi bila intaneti.

Kwa somo lenye mahali, mimi huchagua Luanti. Ni programu huria iliyoanza 2010 kwa jina la Minetest na kubadilishwa jina 2024. Dunia yake ni ya matofali ya mraba, tofali moja sawa na mita moja, na inaingia kwenye simu ya Android ya kawaida. Si maridadi. Lakini seva, yaani kompyuta inayoiendesha dunia hiyo, ni yako, na faili ni zako. Waliojenga madarasa yao kwenye Mozilla Hubs, huduma ya vyumba pepe vya kukutania mtandaoni, walilazimika kuhama Mozilla ilipoifunga Mei 2024. Msimbo ulibaki wazi, ila vyumba vilivyokuwa kwenye seva za Mozilla vilitaka kuokolewa mapema.

Seva usiiweke nyumbani. Stima ikipotea Kisauni, darasa zima linapotea nayo, na ukiwa kwenye intaneti ya simu huna anwani ya umma ya kuwafungulia watu mlango. Kodi seva ndogo yenye RAM ya GB 2. Processor moja ya kasi ni bora kuliko kadhaa za polepole, kwa sababu kazi kubwa ya dunia ya Luanti hupita kwenye uzi mmoja, yaani hufanywa na kiini kimoja cha processor. Iwe nchini ikiwezekana. Mwanga ndani ya nyaya za fiber husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 za kebo inakula milisekunde 100 kwenda na kurudi kabla ya kifaa kingine chochote kuongeza chake. Isitoshe, kebo za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika pamoja kusini mwa Afrika Mei 2024, intaneti ya Kenya iliyumba. Mombasa ndipo kebo hizi zinapotua, lakini kutua hapa hakusaidii kitu ikiwa faili zako ziko ng'ambo.

Sasa mipangilio, na hapa ndipo wengi hukwama. Ndani ya faili la minetest.conf, andika mg_name = flat (ardhi tambarare) kabla ya kuwasha dunia kwa mara ya kwanza. Ukisahau, utaletewa milima na misitu, na kubadilisha baadaye hakutasaidia kwa kuwa chaguo hilo huhifadhiwa ndani ya dunia yenyewe. Utafuta dunia uanze upya. Kisha max_users, idadi ya juu ya watu wanaoruhusiwa kwa wakati mmoja: kiasi cha kawaida ni 15. Ukiwa na wanafunzi 25, kumi watagonga mlango na kurudishwa, na watakuambia kwamba mtandao wao ni mbaya. Weka 35, ili wewe na wasaidizi mpate nafasi na aliyekatika kabla seva haijagundua asijikute amezuiwa na kivuli chake. Weka enable_damage = false, maana hutaki mtu afe kwa kuanguka ukutani katikati ya somo, na disallow_empty_password = true, asiingie mtu bila nenosiri. Tangazo la seva kwenye orodha ya umma liache limezimwa. Wanafunzi wakiwa watoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa zao, kwa hiyo majina ya kubuni ni salama zaidi kuliko majina kamili.

Hata hayo majina yana masharti. Herufi za kawaida, tarakimu, kistari na mstari wa chini, basi. Nafasi haikubaliki, wala ritifaa, kwa hiyo Ng'ang'a hataingia kama Ng'ang'a. Waandikie orodha mwenyewe, jina na nenosiri, uwatumie mmoja mmoja.

Mlango wa mtandao ambao Luanti hupitia ni namba 30000 wa UDP, mojawapo ya njia mbili za kusafirisha data, nyingine ikiwa TCP. Nasisitiza UDP. Mtu hufungua TCP kwenye fayawoli, anaona namba ni sahihi, halafu anahangaika usiku kucha huku simu za wanafunzi zikisema tu kwamba muda umekwisha.

Kujenga ngome yenyewe kunahitaji karatasi ya grafu kwanza: mraba mmoja, mita moja. Kiongezo cha WorldEdit hukuruhusu kuweka alama mbili, //1 na //2, kisha kujaza ukuta mzima kwa amri ya //set. Ukuta wa mshazari utatoka kama ngazi. Usipigane nao, ongeza tu unene. La lazima ni mistari ya kuonana kati ya buruji na buruji iwe sahihi, kwa kuwa ndiyo somo. Mimi huacha mapambo yote. Mizinga miwili inatosha, misikiti na maduka ya jirani hayahitajiki. Ukimaliza, funga eneo kwa kiongezo cha areas: /area_pos1, /area_pos2, halafu /protect na jina. Bila hivyo mwanafunzi wa kwanza kuingia ataanza kubomoa. Si utundu, ndivyo vidole vinavyojifunza. Mtengee kiwanja pembeni abomoe atakavyo.

Viongezo viwe vichache kwa sababu ya bando. Mwanafunzi anapoingia mara ya kwanza, seva humshushia picha na sauti zote za dunia ile. Zikiwa MB 60, watu 25 wanavuta GB 1.5 kwa mkupuo, na wale wa mwisho watatazama skrini ikisubiri hadi kipindi kiishe. Faili hizo hubaki kwenye simu, kwa hiyo agiza kila mtu aingie mara moja siku mbili kabla, wakati wake mwenyewe. Hapo pia utawajua wenye toleo la zamani la programu lisiloelewana na seva yako.

Luanti haina sauti ya mazungumzo. Watu huona ni kasoro. Kwangu ni nafuu, kwa sababu sauti ikitenganishwa, dunia ikiganda bado mwalimu anasikika. Mumble, programu ya mazungumzo ya sauti, inatosha (mlango 64738, safari hii TCP na UDP zote mbili), na kwenye Android iko Mumla, programu ya kuingilia Mumble. Sauti ya kilobiti 40 kwa sekunde ni kama MB 18 kwa saa kwa kila anayezungumza, na anayenyamaza hatumi karibu kitu, ingawa bado hupokea sauti ya anayezungumza. Linganisha na mkutano wa video. Hedifoni ni lazima. Simu mbili chumba kimoja bila hedifoni zitapigiana mwangwi hadi mtu achomoe. Na kiokoa betri cha simu kizimwe kwa Mumla, la sivyo mfumo utaiua mara Luanti ikichukua skrini.

Kwenye simu ndogo punguza umbali wa kuona hadi matofali 50 au 60. Simu itapoa na picha itatulia. Anayepata kizunguzungu azime mtikisiko wa kutembea: view_bobbing_amount = 0.

Kipindi kisizidi dakika 50. Tano za kuzoea miguu, ishirini na tano za kazi katika makundi ya wanne, na zilizobaki nje kabisa ya dunia ile, kwa sauti tu, watu wakieleza walichoona. Kazi iwe na jibu la kuonekana: "Tafuta sehemu ya chini ya ukuta isiyoonekana kutoka buruji yoyote, piga picha ya skrini, pakia kwenye Moodle (tovuti ya darasa)." Atakayedai ameipata, mpeleke pale kwa amri ya /teleport, darasa zima lipande burujini kumtazama. Msaidizi mmoja kwa wanafunzi kumi na wawili anatosha, kazi yake kuwatoa waliokwama na kubadilisha nenosiri lililosahauliwa kwa /setpassword.

Saa nazo ziandikwe mara mbili. Moodle itaonyesha 20:00, nusu ya darasa itasema saa mbili usiku, na kuna atakayesoma 8:00 aingie asubuhi. Panga baada ya isha, na Ramadhani sogeza hadi watu watoke tarawehe.

Nakala ya akiba ichukuliwe seva ikiwa imezimwa. Faili la map.sqlite likinakiliwa huku watu wanatembea ndani, unaweza kupata nakala mbovu isiyofunguka, na hutajua hadi siku utakapoihitaji. Zima, nakili folda nzima ya dunia, washa. Kisha ifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, utembee mpaka buruji ya nne.